Mtoto Mtoro, Mtoto Aliyeshindikana: Maswali ya Wazazi Kuhusu Mahakama ya Watoto

Majibu haya ni ya Tanzania Bara. Nimeyaandika nikiwa msaidizi wa kisheria jijini Dar es Salaam, na maswali yenyewe ndiyo yale ninayoulizwa kila wiki na akina mama, akina baba, bibi na babu waliofikishwa ukingoni. Anza na swali linalokuuma. Pale ambapo jibu moja linategemea jingine nimetaja namba yake.

## Mambo ya mwanzo

1. Mahakama ya Watoto ni mahakama gani?

Ni mahakama iliyoanzishwa na Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, kwa ajili ya mashauri ya walio chini ya miaka 18. Inasikiliza mambo ya aina mbili. Kuna mtoto anayetuhumiwa kwa kosa la jinai, na hilo kila mtu analijua. Lakini kuna pia maombi ya kumlinda mtoto na kupata matunzo yake: aliyetelekezwa, anayeteswa, ambaye baba yake hatoi hata shilingi, aliye njiani kuharibikiwa. Upande huu wa pili ndio wazazi wengi hawajawahi kuusikia.

Dar es Salaam mahakama inayojulikana ni ya Kisutu, na Mbeya nayo ina jengo lake. Kwingineko Jaji Mkuu anaweza kutangaza jengo la mahakama ya mwanzo litumike kama Mahakama ya Watoto, na hakimu mkazi akapangiwa kuiendesha. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa shauri la mwanao liko kwenye jengo lile lile unalopita kila siku ukienda sokoni. Uliza masijala, watakuelekeza siku na chumba.

2. Mwanangu haendi shule na hanisikii. Naweza kumshtaki?

Utoro si kosa la jinai kwa mtoto. Ukaidi pia si kosa la jinai. Hakuna hati ya mashtaka itakayoandikwa "mtoto huyu anamjibu mama yake vibaya," hata kama moyo wako unatamani iwepo.

Lakini usikate tamaa hapo, maana sheria imeacha mlango mwingine. Kifungu cha 16 kinamtaja mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, na ndani ya orodha yake wamo mtoto anayezurura asiye na makazi, anayeombaomba, anayeandamana na wezi, anayelelewa na mtu asiyefaa kwa ulevi au uhalifu, na yeyote aliye katika mazingira yanayomtia hatarini kimwili au kimaadili. Mtoto wa darasa la sita anayeshinda na vijana wanaokwapua simu stendi ameshaingia kwenye orodha hiyo. Anayeweza kulifikisha jambo lake mahakamani kwa njia hii ni Afisa Ustawi wa Jamii (tazama swali la 13), na hapo mtoto hasimami kama mshtakiwa.

Tofauti hii nairudia kila siku. Mzazi aliyechoka hutafuta mtu wa kumtisha mtoto, akidhani ndiyo kazi ya mahakama. Mahakama hii iliwekwa kuuliza kimetokea nini katika nyumba hii, na nani asaidiwe nini.

3. Naanzia wapi?

Ofisi ya Ustawi wa Jamii ya halmashauri yako. Kata nyingine zina afisa wake hapo hapo kwenye ofisi ya kata. Kama yako haina, Afisa Maendeleo ya Jamii au mtendaji wa kata atakuelekeza. Huduma ya kumwona afisa ni bure, na huhitaji barua ya wakili. Ukishindwa kufika, piga simu 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Mtoto mwenyewe pia anaweza kuipiga.

Kabla ya kufika huko, wengi hupitia kwa mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ni vizuri, na sheria yenyewe inaipa serikali ya mtaa wajibu wa kulinda watoto wa eneo lake. Ila kama mtoto anapigwa, anabakwa au anafanyishwa kazi za hatari, usipite kwa mjumbe wala usikubali kikao cha kusuluhisha. Nenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

## Utoro

4. Mwalimu ameniita na kunionyesha daftari la mahudhurio. Nifanye nini wiki hii?

Kwanza usimsubiri mtoto mlangoni na mkanda. Unachohitaji wiki hii ni habari, na mtoto anayeogopa hatakupa.

Mwaka fulani alinijia mama mmoja anayeuza vitumbua, mwanawe darasa la tano. Kila asubuhi alimpigia pasi sare, akampa mia tano ya uji, akamsindikiza hadi barabarani. Daftari likaonyesha siku 31 za kukosa shule katika muhula mmoja. Tulimkuta nyuma ya duka lenye mashine ya dubwi, yaani ya kamari. Sare imekunjwa vizuri sana, mkunjo juu ya mkunjo, ndani ya mfuko mweusi wa plastiki chini ya kiti. Ile namna ya kukunja ndiyo iliyonifanya nikae naye chini. Mtoto anayeichukia shule haitunzi sare namna ile. Ikachukua siku mbili kusema: alikuwa hajui kusoma, na kila Jumatatu na Jumatano mwalimu alikuwa akiwasimamisha mmoja mmoja wasome kwa sauti, wenzake wanacheka.

Kwa hiyo ulizia mambo haya bila kuruka hata moja. Anasoma? Anaona ubaoni? Anasikia? Kuna anayemwonea njiani au chooni? Kuna mchango anaodaiwa mbele za watu? Anakula nini kabla ya saa nne? Nani nyumbani anamtuma kazi asubuhi? Kuna mtu mzima anayempa fedha? Swali hili la mwisho usilionee haya, hasa kwa binti, na kwa mvulana pia.

Kisha rudi shuleni, ukaonane na mwalimu wa malezi pamoja na mwalimu wa darasa, mwandike makubaliano: nani atapokea mtoto getini, nani atakupigia simu kabla ya saa tatu asipofika. Karatasi hiyo iliyosainiwa na pande mbili itunze. Jambo likifika Ustawi au mahakamani, ndiyo itakayoonyesha kwamba hukukaa kimya.

5. Mimi mzazi naweza kushtakiwa kwa utoro wa mtoto?

Ndiyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na ahakikishe anahudhuria mpaka amalize, na kanuni za mwaka 2002 za uandikishaji na mahudhurio ya lazima zinampa adhabu mzazi anayepuuza. Kwa kawaida huanza na wito wa shule, kisha wito wa mtendaji wa kata, na ukipuuza vyote unaweza kufikishwa mahakamani.

Neno la kushika hapa ni kupuuza. Mzazi aliyeitika wito, aliyeandikiana na shule na kwenda Ustawi yuko mahali tofauti kabisa na yule aliyempeleka mwanawe kuchunga au kufanya kazi za ndani mjini. Ukiitwa, nenda siku hiyo hiyo. Watu wengi wanapata matatizo kwa kuogopa barua tu.

6. Amekaa nyumbani zaidi ya mwaka. Shule itampokea?

Kama bado umri wake unalingana na darasa, anza na mwalimu mkuu. Akikataa, panda kwa Afisa Elimu Kata. Elimu ya msingi na sekondari ya kawaida katika shule za serikali haina ada tangu Januari 2016, kwa hiyo mtu asikukatalie kwa sababu ya ada ya nyuma.

Kama amekuwa mkubwa na anaona aibu kukaa na wadogo, kuna MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, ambao unamwezesha kufidia na kurudi kwenye mfumo wa kawaida. Aliyeachia sekondari anaweza kusoma kwa njia mbadala kupitia vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Na yule ambaye mikono yake ndiyo inayojua kuongea, ulizieni vyuo vya ufundi stadi vya VETA. Nimeona kijana aliyeshindikana darasani akawa wa kwanza kufika karakana.

7. Binti yangu aliacha shule kwa sababu ya ujauzito. Bado anahesabiwa mtoro?

Hapana, na ana njia ya kurudi. Tangu Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi walioacha shule kwa ujauzito warejee kwenye mfumo rasmi. Usiruhusu mtu yeyote amwambie kwamba nafasi yake imekwisha. Aliyempa mimba mwanafunzi ni suala la jinai. Lipelekwe Dawati, wala lisimalizwe kwa mbuzi wala kwa mahari.

## Nyumbani pamenishinda

8. Watu wananiambia nimpeleke polisi wamlaze ndani usiku mmoja ajifunze. Ni sawa?

Si sawa, na nakuomba usifanye.

Natambua wazo hili linatoka wapi. Tangu majina ya magenge ya vijana waporaji kama Panya Road yaanze kusikika Dar es Salaam, mzazi akimwona mwanawe anarudi saa sita usiku anaona jeneza. Anataka kumwahi. Jirani anamwambia ana shemeji kituoni, watamtia adabu kidogo tu.

Sikiliza kinachotokea. Mama mmoja alimpeleka kijana wake wa miaka 14 kwa hiari yake, kwa makubaliano ya usiku mmoja. Zikawa siku mbili. Alipotoka hakuwa na aibu wala woga aliokwenda nao. Alitoka na rafiki mpya, mtu mzima, aliyemwelekeza kijiwe cha kumtafuta akitoka. Tulihangaika miezi kumtenganisha naye. Mama yule hadi leo akiniona anainamisha macho, na mimi simlaumu, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Kisheria, polisi hawana mamlaka ya kumweka mtu mahabusu kwa ajili ya kumfunza adabu. Mtoto anayetuhumiwa kwa kosa la kweli asichanganywe na watuhumiwa watu wazima, na kwa makosa mengi anatakiwa aachiwe kwa dhamana ya mzazi au mlezi (tazama swali la 18). Asiye na kosa hana sababu ya kuwa kule ndani kabisa.

Kama unahofia maisha yake usiku huu, kama ana silaha au ametishia kumdhuru mtu, hilo ni jambo jingine: ita polisi na uombe Dawati. Lakini hapo unaomba ulinzi, na maelezo yako kituoni yaseme hivyo.

9. Naweza kumchapa?

Sheria ya Mtoto inamkinga mtoto dhidi ya mateso na adhabu ya kikatili, na inasema wazi kwamba adhabu isiyolingana na umri, mwili na akili ya mtoto haina uhalali. Ukimwachia alama, umeshavuka, na makosa dhidi ya haki za mtoto yana faini isiyozidi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote.

Zaidi ya sheria: mtoto mtoro akipigwa nyumbani kwa kutokwenda shule, na akipigwa shuleni kwa kutokwenda jana, mahali pekee asipopigwa ni kijiweni. Ataenda huko.

10. Baba yake ametutelekeza, na tangu hapo mtoto kaharibika. Mahakama inasaidia?

Ndiyo, na hii ni sehemu ambayo mahakama inaweza kukusaidia haraka kuliko unavyodhani. Unaweza kuomba amri ya kumtaka baba atoe fedha za matunzo ya mtoto (si ile amri ya matunzo ya swali la 13). Wanaoruhusiwa kuomba ni mzazi, mlezi, ndugu, Afisa Ustawi wa Jamii, hata mtoto mwenyewe kupitia mtu wa karibu. Mahakama itaangalia kipato cha pande zote mbili, mahitaji ya mtoto na gharama za maisha za mahali mnapoishi.

Andaa ushahidi wa matumizi: risiti za daftari na sare, kodi ya chumba, dawa. Na ushahidi wa kipato chake, hata kama ni picha ya bodaboda tatu alizoajiri vijana. Usiingize mtoto katika ugomvi wenu kwa kumtuma akamdai baba yake fedha mbele ya mke mwingine. Nimeona watoto wengi ambao utoro wao ulianzia kwenye safari za namna hiyo.

11. Nimechoka. Naweza kumkana mbele ya hakimu?

Hapana. Wajibu wako wa chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na uongozi hauondoki kwa tamko, wala kwa karatasi iliyopigwa muhuri wa serikali ya mtaa. Karatasi hizo zipo, nimeziona, hazina nguvu yoyote.

Ila kuchoka si kosa. Mwambie Afisa Ustawi maneno hayo hayo: nimechoka. Anaweza kutafuta ndugu wa kumpokea mtoto kwa muda, au familia ya kuaminika, huku nyinyi mkishauriwa. Kumpeleka kijijini kwa bibi ni suluhisho la kawaida kwetu, na mara nyingine linaponya kweli, mradi bibi ameulizwa, shule ya huko imejulishwa kwa barua ya uhamisho, na mtoto hajaambiwa kwamba anatupwa.

12. Anavuta bangi, na fedha zote zinaishia kwenye dubwi.

Bangi ni suala la afya kwanza. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, uliza kitengo cha afya ya akili. Usimfungie chumbani wala usimpeleke kwenye nyumba ya marekebisho ya watu wazima bila kumwuliza Afisa Ustawi. Kuhusu dubwi, walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza michezo ya kubahatisha. Mwenye duka ndiye anayevunja sheria. Mwende na wazazi wenzako watatu au wanne kwa mwenyekiti wa mtaa, siyo mmoja mmoja, mkaeleze mashine iko wapi na watoto gani wanashinda hapo.

Dar es Salaam, kuanzia Temeke, na baadaye Mbeya, iliendeshwa programu ya marekebisho ya tabia ndani ya jamii: mtoto anaishi nyumbani, anakutana na mshauri kwa ratiba, anarudishwa shule au kwenye ufundi, na mzazi naye anapata mafunzo ya malezi. Muulize Afisa Ustawi kama katika halmashauri yako kuna mpango wa namna hiyo. Kwangu mimi hii ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu haimwondoi mtoto kwao.

## Mbele ya mahakama

13. Afisa Ustawi akienda mahakamani, anaomba nini?

Kuna amri mbili kubwa. Amri ya uangalizi inamwacha mtoto nyumbani, ila chini ya uangalizi wa Afisa Ustawi anayemtembelea, kumshauri na kufuatilia shule. Amri ya matunzo inamkabidhi mtoto kwa muda kwa mtu mwingine: ndugu, familia ya kuaminika au makao ya watoto yaliyosajiliwa. Hii ya pili huja pale nyumbani pasipofaa au pasipo salama.

Kabla ya amri yoyote afisa huandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii. Atakuja kwako. Ataona mnalala wapi, atamuuliza mwalimu, pengine na jirani. Usipange nyumba kwa ajili yake, na usimfundishe mtoto cha kusema. Taarifa hiyo ndiyo hakimu anayoisoma kwa makini kuliko maneno yetu sote, na uongo mdogo uliogunduliwa humo unawavunjia imani hata pale mnaposema kweli.

14. Siku yenyewe ikoje?

Shauri husikilizwa faraghani. Hakuna watu wa kutazama, na hairuhusiwi kutangaza jina au picha inayomtambulisha mtoto. Afisa Ustawi lazima awepo, na mzazi, mlezi au mtu wa karibu wa mtoto anatakiwa awepo. Inapowezekana, mahakama hukaa katika jengo tofauti na la mahakama ya kawaida. Mwendo wake ni wa kuuliza na kusikiliza, siyo wa kubanana kwa mawakili, na mtoto ana haki ya kutoa maelezo na maoni yake.

Mwambie haya usiku wa kuamkia, kwa sauti ya kawaida. Mtoto anayeamini anakwenda kufungwa atatoroka alfajiri, na mtafika bila yeye.

15. Nibebe nini?

Cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Ripoti za shule na yale makubaliano ya swali la 4. Vyeti vya hospitali kama vipo. Namba ya simu ya ndugu mmoja anayeweza kumpokea mtoto. Beba pia maji na kitu cha kula. Benchi la nje ni refu, na mtoto mwenye njaa hujibu kwa hasira.

16. Nahitaji wakili? Itanigharimu kiasi gani?

Mtoto ana haki ya kuwakilishwa. Kwa maombi ya ulinzi yanayoletwa na Afisa Ustawi, familia nyingi huenda bila wakili na mambo yakaenda vizuri. Kwa kesi ya jinai, tafuta. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaruhusu wasio na uwezo wasaidiwe bure, na mashirika kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, hutoa msaada huo. Sisi wasaidizi wa kisheria tunakuelekeza na kukuandalia maelezo, ila hatusimami mahakamani kama mawakili. Anayekudai fedha nyingi kwa jina la usaidizi wa kisheria, muache.

17. Akipatikana na hatia atafungwa jela? Nasikia pia kuna Irambo.

Sheria ya Mtoto inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Kifungu cha 119, kaa nacho kichwani. Badala yake hakimu anaweza kumwachia kwa masharti, kumweka chini ya uangalizi, kumkabidhi kwa ndugu au mtu wa kuaminika, au kuamuru fidia, ambayo mzazi anaweza kutakiwa kuilipa.

Irambo, mkoani Mbeya, ni shule ya maadilisho. Mtoto hupelekwa huko kwa amri ya mahakama baada ya kutiwa hatiani kwa kosa ambalo mtu mzima angefungwa. Si bweni la kuandikisha mtoto mkorofi, hata ukiwa na ada mkononi. Wazazi kadhaa wameniomba niwaunganishe na Irambo kwa sababu mtoto hafagii uwanja. Kwa mtoto wa aina hiyo rudi swali la 4, halafu la 12.

## Mambo yasiyo ya kawaida

18. Amekamatwa pamoja na watu wazima. Nifanyeje?

Nenda kituoni mara moja na uthibitisho wa umri. Mtaje kwa neno "mtoto" kwa mkuu wa zamu na uombe mambo matatu: atenganishwe na watu wazima, Afisa Ustawi aitwe, na apewe dhamana. Dhamana inaweza kuzuiwa kwa kosa zito kama mauaji, au pale ambapo kumwachia kutamrudisha mikononi mwa waliomponza, au kutaharibu haki. Akizuiwa, anatakiwa apelekwe mahabusu ya watoto badala ya gereza. Mahabusu hizo ziko katika miji michache, miongoni mwake Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya, kwa hiyo wa mikoa mingine ulizeni mapema mtoto atawekwa wapi.

Akishtakiwa kwa hati moja na mtu mzima, kesi inaweza kusikilizwa katika mahakama ya kawaida. Mauaji yana utaratibu wake na huishia Mahakama Kuu. Hizi zote ni kesi za kutafutiwa wakili siku ya kwanza.

19. Hana cheti cha kuzaliwa na polisi wameandika ana miaka 19.

Hili linaharibu maisha ya watoto wengi kuliko watu wanavyofikiri, maana namba hiyo moja ndiyo inayoamua mahakama gani na mahabusu gani. Liseme mbele ya hakimu siku ya kwanza kabisa, hata kama mtoto mwenyewe alikubali umri huo kwa woga. Mahakama inatakiwa ichunguze umri, ikiwa ni pamoja na ushahidi wa kitabibu. Leta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, rekodi ya kuandikishwa darasa la kwanza, au mkunga aliyekuzalisha. Wakati huo huo anza maombi ya cheti RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi.

20. Ana miaka 9 na ameiba. Atashtakiwa?

Hapana. Aliye chini ya miaka 10 hawezi kuwajibishwa kwa jinai. Kati ya 10 na 12 ni lazima ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hapaswi kutenda alichotenda. Lakini mtoto mdogo namna hiyo aliyefanya jambo zito anaweza kuhesabiwa mhitaji wa matunzo na ulinzi, na Ustawi wakaja. Wapokee.

21. Mimi ni bibi yake, wazazi hawapo. Nasikilizwa?

Unasikilizwa. Anayemlea mtoto ndiye mlezi machoni pa Ustawi na mahakama. Ukiwa na barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha kwamba mtoto anaishi kwako, mambo yanakuwa mepesi zaidi, shuleni na kituoni pia.

22. Atatimiza miaka 18 mwezi ujao. Kuna haja ya kuanza sasa?

Ipo. Ulinzi wa Sheria ya Mtoto unaishia hapo, kwa hiyo kila kinachoweza kuombwa kwa jina la mtoto kiombwe kabla: tathmini ya Ustawi, nafasi ya ufundi, barua ya rufaa ya hospitali. Usiahirishe hata kwa wiki. Baada ya hapo msaada upo, ila milango ni michache na foleni ni ya watu wazima.

23. Niko Zanzibar, au Kenya. Majibu haya yananihusu?

Moyo wake ndiyo, vifungu hapana. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto yake, Na. 6 ya mwaka 2011, na Mahakama ya Watoto yake. Kenya ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na mtu wa kuanza naye ni afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako. Kote huko namba 116 inafanya kazi bila malipo.